Hakuna Aliyenidanganya

Pampu ya kisima changu iliharibika Jumatano. Kufikia Jumamosi jioni nilikuwa nimeambiwa ukweli mtupu mara 17, na tone la maji sikuliona.

Nasema ukweli mtupu kwa kuwa umekaguliwa. Zamani ningesema fundi mwongo, nikamtukana kimoyomoyo, nikalala. Lakini mwezi huu hapa kwangu Chamazi yupo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anasoma falsafa chuo kikuu. Amekuja likizo na begi moja la nguo na mawili ya vitabu, na kazi yake kutwa ni kunikataza kuwaita watu waongo. "Mjomba, mwongo ni yule aliyetamka sentensi isiyo kweli hali anajua si kweli. Nionyeshe hiyo sentensi." Naitafuta sentensi, siioni. Ninachokiona ni ndoo tupu.

Jumamosi hiyo nilimpigia fundi saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

"Shikamoo mzee. Nimeshatoka."

Nikafungua geti, nikaweka kiti chini ya mwembe. Saa mbili nikapiga tena. "Nipo njiani, mzee wangu." Nyuma ya sauti yake jogoo anawika na mtoto analilia uji. Saa nne nikapiga kwa ile sauti ya baba mkwe. "Mzee, kama hakuna foleni, saa tano niko hapo."

Mpwa wangu akaweka kikombe chini. "Mjomba, huyo fundi wako ni mfuasi wa Philo."

Nikamwambia dini ya fundi hainihusu, mimi nataka maji. Kumbe Philo ni Mgiriki, mtu wa mwishoni mwa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliyekaa akaifikiria "kama" mpaka akaimaliza. Alisema sentensi ya "kama hivi, basi vile" huwa ya uongo kwa njia moja tu: hivi viwepo, na vile visiwepo. Nje ya hapo ni kweli. Mwalimu wake, Diodorus, akakataa, wakavutana, na ubishi ukavuma hadi mshairi Callimachus akautania kwa kuwaingiza kunguru wa mapaani, kwamba hata wao wanajadili "kama".

Sasa ichukue hesabu ya Philo uilete Barabara ya Kilwa. Ili fundi awe mwongo, sharti foleni isiwepo na yeye asitokee. Foleni ikiwepo, asipokuja ni mkweli, akija ni mkweli, akija mwaka kesho akiwa na wajukuu ni mkweli vilevile. Na foleni ipo. Mtu wa Dar es Salaam akianza na "kama hakuna foleni" ameshajisamehe dhambi zote zinazofuata. Wadeni wangu nao wana yao, "ningekuwa nayo ningekupa", ambayo sijaona mahakama ya kuipeleka.

Kunguru tunao wa kutosha. Hawa wetu wenye shingo ya kijivu asili yao ni India, waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na bara hawakuomba ruhusa. Asubuhi ile walikuwa wanne juu ya bati langu, wanaliangalia simtanki tupu na kupiga kelele. Niliwasikiliza kwa heshima ambayo sijawahi kuwapa.

Fundi alifika saa tisa alasiri.

"Saa kumi na mbili na nusu ulisema umeshatoka," nikamwambia.

"Nilikuwa nimeshatoka, mzee."

"Umetoka wapi?"

"Bafuni."

Nikavuta pumzi. "Saa mbili ukasema upo njiani."

Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgeni choo kilipo. "Mzee, mimi nimepanga Mtongani, nyumba ya barabarani kabisa. Ukifungua mlango unakanyaga lami."

Nyuma yangu nikasikia kalamu. Mpwa wangu alikuwa anaandika.

Anasema neno mantiki tumelipata kwa Waarabu, na kwao linatoka kwenye mzizi wa kutamka, kunena. Hao wazee waliona kufikiri sawasawa na kusema ni ndugu wa tumbo moja. Sibishi. Ila Mbagala ni ndugu wanaogombea kiwanja cha marehemu baba, na kila mmoja ana hati.

Akanitajia pia Ibn Sina, ambaye mimi nilimjua kwa utabibu tu. Kumbe huyu bwana, aliyefariki mwaka 1037, kwenye mantiki alikuwa hataki mchezo. Mtu akishikilia kwamba jambo na kinyume chake vyote viwili ni kweli, Ibn Sina alishauri atiwe motoni, maana kwake moto na kisicho moto si ni kitu kimoja? Nilimtazama fundi, nikalitazama jiko la mkaa. Lakini fundi hajawahi kuniambia amefika na hajafika. Angethubutu tu! Kila alilosema limesimama peke yake, halimgusi mwenzake, kama wapangaji wasiosalimiana. Ibn Sina ana dawa ya mtu anayejipinga, ya mtu anayesema kweli hana.

Baada ya saa nzima ya kugonga kitu ambacho sikujua huwa kinagongwa, fundi akanyanyuka, akafuta mikono kwenye shati langu lililokuwa kwenye kamba.

"Imepona."

Mpwa wangu akaninong'oneza habari za Alfred Tarski, mtaalamu wa mantiki kutoka Poland, ambaye mwaka 1933 alichapisha kazi nzito juu ya maana ya ukweli. Mfano unaotajwa sana ni wa theluji: sentensi "theluji ni nyeupe" ni kweli ikiwa theluji ni nyeupe, na ikiwa siyo, basi siyo. Nikauliza kama huyo mtu alilipwa mshahara. Akasema ni jambo la ndani sana, usilione jepesi. Haya. Sentensi "pampu imepona" ni kweli ikiwa pampu imepona. Nikaenda bombani, nikafungua. Bomba likakohoa, likanyamaza.

"Fundi!"

"Pampu imepona, mzee. Umeme ndio hakuna."

Ulikuwa umekatika tangu saa saba. Nikamuuliza amejuaje imepona. Akasema ameisikiliza. Nikamlipa. Ningefanyaje? Sikuwa na sentensi ya kumshika nayo.

Jioni mama watoto akanituma nyanya Rangi Tatu. Kituo kinaitwa Rangi Tatu na sijawahi kusikia abiria ameshuka pale akadai aonyeshwe rangi. Jina la kituo halikuahidi kitu. Ndilo neno pekee Mbagala nzima ambalo sina kinyongo nalo.

Konda wa daladala alikuwa anaimba: "Siti zipo, siti zipo, wahi siti!" Nikapanda. Siti zilikuwepo, zote, na kila moja ina mtu, moja ina mtu na ndoo ya dagaa.

"Konda, siti ziko wapi?"

"Si hizo hapo, mzee? Nimesema zipo. Nilisema hazina watu?"

Nikiwa nimekunjwa shingo chini ya bomba la kushikia, nikakumbuka somo la asubuhi. Mwingereza mmoja, H. P. Grice, katika mihadhara yake ya Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1967 alieleza kwamba mtu anachosema ni kimoja na anachokufanya uelewe ni kingine, na kwamba hicho kingine unakipata kwa sababu mnaozungumza mnashirikiana. Ukisikia "siti zipo" unajaza mwenyewe "za kukaa", kwani mtu mwenye nia njema angekutangazia siti za nini? Grice aliona msemaji na msikilizaji wanasukuma mkokoteni mmoja. Mkokoteni ni kweli upo. Konda anasukuma, mimi ni mzigo.

Lakini safari ile Mungu alinifuta machozi. Konda alipita akikusanya nauli, akanigusa bega. "Mzee wangu, hujalipa?"

Nikajibu kama nilivyolelewa: "Ndiyo."

Akanipigapiga bega, akaenda zake nyuma.

Ilinichukua vituo viwili kuelewa. Mimi niliitikia neno lake: amesema sijalipa, amesema sawa, ndiyo. Kumbe yeye aliusikia ule "ndiyo" wa waliosomeshwa Kiingereza, unaoitikia tukio: ndiyo, nimelipa. Wazee wetu ukiwauliza "hujala?" wanakwambia "ndiyo", na kama una akili unapakua wali. Kijana wa leo akisikia hivyo anafunika sufuria. Lugha moja, kisiwa kimoja cha "ndiyo", na bandari mbili. Nauli ilikuwa mkononi, imelowa jasho. Nikashuka nayo. Nilipomsimulia mpwa wangu, alifikiri kidogo, akasema, "Hukumdanganya, mjomba." Kwa mara ya kwanza nikauona uzuri wa falsafa.

Sokoni sikudumu na uzuri huo. Mwaka juzi fungu la nyanya la jero lilikuwa na nyanya sita. Zikawa tano, zikawa nne. Jumamosi ile zilikuwa tatu, mojawapo inahitaji daktari.

"Mama, hili nalo fungu?"

"Fungu, baba."

"Ukitoa moja?"

"Fungu dogo."

"Ukitoa nyingine?"

"Hiyo sasa ni nyanya, baba. Jero."

Yupo Mgiriki mwingine, Eubulides, anayesifiwa kwa kuuliza swali hilohilo kwa chungu ya nafaka. Ukitoa punje moja bado ni chungu, ukitoa nyingine bado, sasa ni punje ipi ikitoka chungu inaacha kuwa chungu? Wanafalsafa bado wanalumbana. Mama wa Rangi Tatu hana muda huo. Kwake fungu ni chochote kilichokaa juu ya kiroba na kina bei ya fungu.

Nilirudi jua linazama, nikiwa na nauli niliyookoa na shida ya sukari. Dukani kwa Mangi pana kibao: LEO FEDHA, KESHO MKOPO. Kibao hicho nimekisoma miaka sita, na kila siku niliyokisoma kilikuwa kinasema kweli. Siku hiyo nikaona nimepata upenyo. Kwa hesabu ya wazee wa pwani, siku huanza magharibi. Usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia Ijumaa yenyewe, kila aliyekwenda madrasa anajua.

"Mangi, jua limezama. Kwa hesabu ya Waswahili hii ni Jumapili. Ile kesho ya mchana imeshaingia. Nipe kilo moja ya sukari, andika."

Mangi alitoka nje, akaangalia magharibi, akaafiki. "Kweli imeingia, mzee. Sasa ikishaingia inaitwaje?"

"Leo."

Akanionyesha kibao.

Nyumbani nikamkuta mama watoto anamhoji mpwa wangu kuhusu uchumba. "Bado, mama," kijana anasema, na macho yake yanasema hana hata namba ya simu ya msichana. Angesema "hapana" pangetokea kikao. "Bado" haimfungi. Kumbe nayo ina wasomi wake. Aristotle aliulizia vita vya baharini vya kesho: ukisema leo kwamba vitakuwepo, umesema kweli au uongo? Mwaka 1920 Jan Łukasiewicz, ambaye ni miongoni mwa walimu wa yule Tarski wa theluji, akasema basi, tuwe na thamani ya tatu kati ya kweli na uongo, kwa mambo ambayo hayajaamuliwa. Dunia ikashangaa. Angemuuliza mzee yeyote wa Temeke mwenye miaka sabini asiyewahi kuoa, angejibiwa palepale. Na Wapoland tulikuwa nao jirani: wakati wa Vita Kuu ya Pili wakimbizi wao wapatao elfu tano waliwekwa Tengeru, Arusha, na makaburi yao yapo mpaka leo. Mjukuu wao mmoja angejifunza kiambishi "ja" vizuri, tungeokoa karatasi nyingi.

Umeme ulirudi? Bado.

Jumapili, nikiwa nimeoga kwa kikombe, geti likagongwa. Dalali. Shati limenyooshwa, simu mbili, bahasha ya kaki.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kwa ajili ya nyumba. Bei ya mwisho?"

"Nani kakwambia inauzwa?"

"Nimepita mtaa mzima, mzee. Walioandika hawauzi, na wewe hujaandika."

Hapa mgeni wa mji anahitaji maelezo. Katika vitongoji vyetu, Kinondoni na Temeke kote, utaona ukuta umepakwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Wakati mwingine wanaongeza: OGOPA MATAPELI. Familia huandika hivyo kwa sababu kuna watu wanaouza nyumba zisizo zao, au ndugu mmoja ana haraka kuliko mirathi. Sentensi ya ajabu sana. Mnazi usiouzwa na kanisa lisilouzwa havina haja ya kuandikwa. Ukiiandika tu, umeshatangaza kwamba mtu fulani mahali fulani aliiuza. Na sisi tusioandika tumegeuka wauzaji.

Mpwa wangu akatoka ndani na mswaki mdomoni. "Hilo ni kosa, kaka. Aliyeandika hauzi. Haifuati kwamba asiyeandika anauza. Umekanusha kitangulizi."

Dalali akamtazama toka unyayoni. "Mdogo wangu, nimeuza nyumba tatu kwa mtindo huo."

Kisha akanisogelea, akashusha sauti ya uchungu wa mtoto kwa baba. "Mzee, nakwambia kabla hujaumia. Usiongee na dalali mwingine. Madalali wote ni waongo."

Mpwa wangu nusura ameze mswaki. Nilifikiri anaumwa, kumbe ni furaha. Kitendawili cha mwongo, mjomba! Kile kile cha Wagiriki, kimekuja na miguu yake Chamazi! Dalali akisema madalali wote ni waongo, na tuchukulie mwongo hasemi kweli hata siku moja, basi akiwa amesema kweli, na yeye ni dalali, amesema uongo. Kwa hiyo ni uongo. Na ikiwa ni uongo, basi yupo dalali aliyewahi kusema kweli.

"Yuko wapi?" nikauliza, kwa nia safi kabisa.

"Mantiki haisemi yuko wapi, mjomba. Inasema yupo tu."

Kama siti za daladala.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya Tarski na kwa nini nilikosea kuulizia mshahara wake. Dawa yake ni kwamba lugha isijisemee ukweli wake yenyewe. Anayesema huyu mkweli, yule mwongo, apande ghorofa ya juu yao, azungumze akiwa huko. Nikamweleza dalali kwa upole kwamba amejikata mwenyewe, kwa kuwa naye ni dalali.

"Mimi si dalali, mzee," akasema, akanipa kadi. "Mimi ni wakala wa majengo."

Ameshapanda ghorofa.

Jumapili hiyohiyo nilinunua kopo la rangi nyekundu, nikaandika ukutani kwa mkono wangu, herufi zikapungua ukubwa kadiri ukuta ulivyokuwa unaisha: NYUMBA HII HAIUZWI. Jirani wa kushoto akaja kunipa pole ya mgogoro wa familia. Wa kulia akauliza mke wangu amejuaje. Na jioni simu ikaita, namba ya ile kadi.

"Mzee, shikamoo. Nimepita hapo, nimeona umeandika. Kwa hiyo nyumba huuzi?"

Nilikuwa na kikombe mkono mmoja na sabuni machoni. Nikamjibu kwa mkato, ili aelewe mara moja na asirudie tena.

"Ndiyo."

Jumatatu saa mbili asubuhi gari jeupe likasimama getini. Akashuka dalali, akashuka na mama mmoja wa Tegeta mwenye miwani ya jua, na kijana wa futi ya chuma ambaye hakusalimia mtu, alianza na kona ya ukuta, hapo kwenye HAI.

"Mwenye nyumba ndiye huyu, mama," dalali akasema kwa fahari. "Nilimuuliza mwenyewe kwa mdomo wake. Akasema ndiyo."

Kabla sijapata pa kuanzia, yule mama alishafika kisimani. Akainama, akachungulia, akauliza maji yapo.

"Pampu imepona," akajibu mpwa wangu.